Nyumba ya Wajane Wawili Kumsenga

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye katika chumba cha walimu ananiuliza, "Mama mkwe yuko wapi?" Nimekuwa nikijibu nusu nusu, mara kengele inapigwa, mara chai inapoa. Sasa naandika yote mara moja, mpokezane. Nilivyopata tikiti na ruhusa nayaacha, hayana utamu.

Mume wangu Yusufu, kama mnavyojua, ni Muha. Alikuja Tanga akiwa kijana kukata mkonge, akasilimu huko huko, akaingia reli, tukaoana, na reli ikatuhamishia hapa Tabora. Mwaka huu mtu wa kwao alituletea habari kwamba Kumsenga nzima inashuka milimani kuhamia kijiji kipya kando ya barabara. Mama yake, mjane, alikuwa akilala ndani ya kibanda cha nyasi na mvua zilikuwa karibu. Yusufu hakupata likizo. Mimi shule ilikuwa imefungwa.

"Nenda ukamchukue," akaniambia. "Chumba kipo."

Jambo jingine mnalijua pia: mimi ndiye ninayefundisha kidato cha kwanza somo la makazi. Tunaanza na pango, tunakuja kwenye hema, kibanda cha nyasi, nyumba ya udongo, nyumba ya tofali, mpaka ghorofa. Ubaoni nachora ngazi, kila aina juu ya nyingine. Niliondoka na ngazi hiyo kichwani.

TABORA HADI UJIJI

Treni ilichelewa kuondoka, na ilipoondoka ikasimama porini. Tukaambiwa mbele kuna behewa la mizigo limetoka relini. Tulikaa hapo mpaka mabenchi yakawa moto. Mama mmoja wa Uvinza niliyeketi naye alifungua kikapu akatoa viazi vitamu na dagaa wa kukaanga, mimi nikatoa maandazi, tukala pamoja. Akaniuliza safari yangu. Nilipomwambia nakwenda kumchukua mama mkwe aje tukae naye, aliacha kutafuna.

"Kwako?"

"Kwangu."

"Vyumba vingapi?"

"Viwili na sebule. Nyumba ya reli."

"Na jiko?"

"Liko uani. Moja."

Akatikisa kichwa. "Vyumba havina shida, mwanangu. Wanawake wawili hugombania jiko."

Nilicheka, yeye hakucheka. Aliposhuka Uvinza aliniachia viazi vilivyobaki na kuniombea dua ndefu kuliko nilivyodhani nahitaji.

Treni inaishia Kigoma; kutoka hapo nilikwenda Ujiji, nikafikia kwa rafiki wa Yusufu. Niliingia nyumba ile kama niliyezaliwa ndani yake: baraza mbele, ukanda katikati, vyumba vinatazamana huku na huku, mwisho mlango wa uani. Nilijua choo kiko wapi kabla sijaonyeshwa. Kutoka Tanga mpaka ziwani ni nchi nzima, lakini waliotembea njia hiyo zamani na misafara walibeba ramani ya nyumba yao kichwani, wakaijenga upya walipofika. Kuta ni miti na udongo kama kwetu. Paa tu ndilo tofauti. Kwetu makuti, huko zamani nyasi, sasa bati. Nililishwa migebuka, samaki wa ziwa lile, kwa mawese. Mawese sikuyazoea na usiku tumbo lilinikumbusha.

UJIJI HADI KASULU

Basi lilikuwa na tabia ya kuchemka kila mlima, na njia ya Kasulu ni milima mitupu. Kila likichemka utingo anashuka na debe kutafuta maji, sisi tunashuka kunyoosha miguu. Mara ya tatu nilianza kuzoeana na abiria wote. Mzee mmoja alinionyesha vilima vya mbali.

"Unaona ile migomba? Kila mahali ilipojikusanya, ndani yake mna mji wa mtu."

Nikatazama. Sikuona nyumba hata moja, niliona mafungu ya kijani yametawanyika juu ya vilima, kila moja mbali na jingine. Mzee akaendelea, "Muha hapendi kusikia jirani yake akikohoa. Sasa wanatuambia tukakohoe pamoja." Alisema hivyo bila hasira, kama anayetoa habari za mazao.

Kasulu nilikaribishwa na Bi Saada, mwenye duka, jamaa ya wenyeji wangu wa Ujiji. Nyumba yake ni ya tofali za kuchoma na bati, duka mbele, familia nyuma. Sikujua Tanzania ina baridi ile. Bi Saada alicheka nilivyojikunyata, akaingiza chumbani jiko la makaa, akaacha dirisha wazi kidogo ili tusifukizwe.

"Marehemu baba alipojenga hapa alifuata nyumba ya kwao pwani," alisema. "Ukanda mpana, upepo upite. Upepo wa nini Kasulu? Miaka yote hii tunaziba kwa magunia mahali baba alipopaacha wazi makusudi."

Siku mbili nilingoja gari la kwenda Kibondo. Nilikula ugali wa muhogo na maharage mpaka nikaupenda. Hatimaye Bi Saada alinipatia nafasi mbele katika lori linalosambaza chumvi, misumari na bati. Dereva aliitwa Selemani, mtu wa maneno machache. Alinionya kwamba atapita kwanza Titye na Kagerankanda kabla ya kushika njia ya Kibondo.

"Ni mzunguko mkubwa?" nikauliza.

"Ni mzunguko," akasema.

TITYE NA KAGERANKANDA

Nyuma ya lori walipanda wanaume kama kumi wenye mashoka na mapanga. Tuliposimama mtoni kutia maji, nilimwuliza mmoja wao, kwa adabu, wanakwenda wapi.

"Tunakwenda kubaka, mama," akajibu, akitabasamu vizuri kabisa.

Nilirudi mbele ya gari nikafunga mlango. Nilimwambia Selemani siendi popote na watu wale, na kama ni mtu wa heshima atawashusha au atanirudisha Kasulu. Alinisikiliza, akafikiri, akatoa kichwa nje akawauliza kwa Kiha. Lori zima likaangua kicheko. Kumbe kwao kujenga ndiko kunakotamkwa hivyo: walikuwa wakienda kumjengea ndugu yao nyumba. Yule bwana alikuja dirishani kuniomba radhi, nami nikamwomba yeye. Toka hapo kila lori likirukia shimo nilisikia mtu nyuma akiuliza kama mwalimu yuko salama.

Titye tulishusha chumvi. Karibu na duka palikuwa na mji wa mzee mmoja, umezungushiwa ua wa minyaa. Ndani mlikuwa na nyumba mbili. Moja ni msonge, nyasi tangu kileleni mpaka ardhini, kama kikapu kilichofunikwa. Ya pili ni ya pembe nne, udongo, kuta zimeanza kupasuka. Nikaona hapa ndipo mfano wangu wa darasani ulipo, nikamwambia mzee, "Naona ya zamani na ya kisasa zimesimama pamoja."

"Ndiyo," akasema. "Ya zamani ni ile ya pembe. Alijenga baba yangu aliporudi kutoka mkonge wa Tanga, mimi ningali mdogo. Hii ya nyasi tumeijenga mwaka jana."

"Kwa nini mkarudi kwenye nyasi?"

Alinitazama kuona kama nauliza kweli. "Ina joto. Mama yangu ni mzee."

Akaniruhusu kuingia. Mlango ni wa kuinama. Ndani mna giza, halafu macho yakizoea unaona mahali pote pamegawanywa kwa mikeka ya matete: hapa moto, hapa pa kulala, hapa mbuzi, hapa mitungi. Bibi yule alikuwa ameketi karibu na moto na hapakuwa na hata uzi wa upepo. Nilikumbuka magunia ya Bi Saada. Ngazi yangu ya ubaoni ilianza kulegea hapo.

Kagerankanda lilikuwa jambo jingine. Kijiji kipya kilikuwa kimepimwa kwa kamba: mistari miwili iliyonyooka, fremu za miti zikifuatana, milango yote ikitazama barabara. Nyingine zilikuwa zimekandikwa udongo, nyingine bado. Familia zilikuwa zimehamia kabla ya kuta, kwa hiyo ulimwona mtu anakula, anavaa, anamchapa mtoto, kama vile uko naye chumbani. Gurudumu la lori lilipasuka pale pale na la akiba halikuwa na upepo. Selemani alilitazama kwa muda mrefu.

"Tutalala," akasema.

Mama mmoja alinipa nafasi katika nyumba yake isiyo na kuta, tukafunga khanga zangu kwenye fito ziwe pazia. Akaniletea kibuyu cha kinywaji cha ndizi. Nilikataa, nikamwambia mimi Mwislamu. Akasisitiza, nikakataa tena, akaondoka uso umemshuka. Asubuhi jirani anayejua Kiswahili alinieleza kwamba kile kilikuwa juisi ya ndizi tu, haijachacha, na yule mama alikuwa ameikamua kwa ajili yangu. Nilimfuata nikamwomba anipe. Alinipa na kusimama mbele yangu mpaka nikamaliza kibuyu. Ni tamu sana.

Kwa msaada wa yule jirani nilimwuliza anaonaje kijiji. Alisema shule ipo karibu sasa, na zahanati inajengwa, na hilo ni jema. Kisha akaonyesha mlima. "Ndizi zangu ziko kule. Nani atazilinda?"

KIBONDO

Kibondo nilifika nimejaa vumbi mpaka kope. Nilipanga chumba katika nyumba ya wageni yenye sakafu ya saruji, nikaoga, nikaenda sokoni kuuliza njia ya kwa mama yake Yusufu wa Kumsenga. Hapakuwa na mtu anayemjua Yusufu. Nilieleza: mrefu, yuko reli, Tabora. Hakuna. Muuza nguo mmoja Mwislamu alisema anawajua akina Yusufu wote wa wilaya hiyo, naye alitaja watatu, wote wafupi.

Siku ya pili ndipo alipotokea mwalimu wa shule ya msingi ya Kumsenga, aitwaye Pastori, amekuja mjini kuchukua chaki. Alinisikiliza, akaniuliza huyo mume wangu ana kovu kidevuni? Analo.

"Huyo ni Bizimana!" akapiga makofi. "Hatuna Yusufu, tuna Bizimana. Alianguka kutoka kwenye mti tukiwa darasa moja."

Miaka yote hii nimeishi na mtu, na jina analoitwa na mama yake nikaambiwa sokoni. Pastori alipakia mzigo wangu na chaki zake kwenye baiskeli, tukapanda gari la mizigo lililoelekea huko, na sehemu iliyobaki tukaenda kwa miguu, yeye akisukuma.

Njiani akanieleza lile ambalo mtu aliyetuletea habari hakulieleza, wala Yusufu mwenyewe hakuwahi kunitajia. Baba mkwe marehemu alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni mama yake Yusufu, mdogo anaitwa Mama Skola. Kila mmoja alijengewa msonge wake kwenye kilima chake, na kijito katikati. Walikuwa hawasemezani tangu Pastori mwenyewe hajaanza shule. Mmoja akiwa kisimani, mwenzake husubiri juu mpaka aondoke. Sasa katika kijiji kipya viwanja viligawanywa kwa majina ya waume. Mume mmoja, kiwanja kimoja, nyumba moja.

"Wamewekwa pamoja?" nikauliza.

"Wamewekwa pamoja."

KUMSENGA

Kiwanja kiko mwisho wa mstari. Katikati ilisimama fremu ya nyumba ya pembe nne. Majirani walikuwa wamesimamisha miti kwa pamoja na kuezeka nyasi, wakaenda kujenga zao. Kukandika kuta kuliachiwa wenyewe. Udongo ulikuwa umechimbwa nyuma, shimo kubwa, na haukuguswa. Upande wa kulia wa fremu palikuwa na kibanda cha nyasi cha kujipenyeza, upande wa kushoto kingine kama hicho. Kila mjane alikuwa amekaa mlangoni kwake, mgongo kwa mwenzake, na nyumba nzuri tupu katikati yao.

Nilipiga magoti kumsalimu mama mkwe. "Mwakeye," nikasema, kama Pastori alivyonifundisha. Akanishika uso kwa mikono yote miwili akanitazama, kisha akasema maneno mengi.

"Anasema wewe mwembamba, na Bizimana yuko wapi," Pastori akatafsiri.

Nilimweleza kazi ya reli. Nikamweleza kwamba nimekuja kumchukua, tuna chumba, tuna bati, tuna bomba la maji uani. Alisikiliza yote. Ana Kiswahili kidogo, akanijibu mwenyewe ili nisikie vizuri.

"Siendi."

"Kwa nini, mama?"

Akaonyesha fremu kwa kidevu. "Nikienda, inzu itakuwa ya mukeba." Yaani nyumba itabaki ya mke mwenzake.

"Basi ingia ndani ukae, uikandike."

"Ndani yumo na yeye? Siingii."

Upande wa pili, Pastori alipokwenda kumsalimu Mama Skola, alipata jibu lile lile. Hakuna aliyekuwa tayari kuondoka, wala aliyekuwa tayari kuingia, na mawingu yalikuwa yanajikusanya kila mchana upande wa Burundi.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba kiwanja cha pili. Alikuwa mtu muungwana, amechoka. Watu walikuwa wakimjia tangu alfajiri. Alisema viwanja vimekwisha kwenye mstari, na akitoa kwa wajane hawa, wake wote wa kijiji watakuja. Nikamwomba basi nyumba igawanywe, kila mmoja mlango wake. Hapo alikataa kabisa. Maagizo aliyopewa ni nyumba moja, mlango mmoja wa mbele, unaotazama barabara. Nilirudi nikalala kibandani na mama mkwe, miguu yetu nje.

Nilikaa hivyo siku kadhaa. Nilijifunza kupika isombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na mama mkwe akajifunza kunywa chai yangu, ingawa alisema ina sukari kama ugonjwa. Alinipeleka kilimani kwake kukata ndizi. Msonge wake alikuwa ameubomoa mwenyewe kabla hajaambiwa, akabeba nguzo. Palibaki duara la sakafu ngumu nyeusi, na mahali pa moto. Alikanyaga pale akanionyesha kwa mkono: hapa Bizimana alizaliwa, hapa baba yake aliwekwa kabla ya kuzikwa. Alilisema hilo kwa Kiha na nilielewa bila mkalimani.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, kwa ghafla na kwa upepo. Vibanda vile havikudumu hata kidogo. Chetu kiliinuka kama kofia. Nilimshika mama mkwe tukakimbilia chini ya paa la nyumba, tukasimama katikati ya fremu. Wakati huo ndipo nilipomwona Mama Skola. Alikuwa ametoka kibandani kwake na fimbo, anakuja upande wetu. Alifika kwenye fremu akaanza kupapasa miti, mmoja mmoja, akitafuta mlango. Mlango uko mbele. Yeye alikuwa akizunguka kwenda nyuma, kuelekea shimo la udongo, ambalo tayari lilikuwa linajaa maji. Macho alikuwa ameyafumbua wazi.

Mama mkwe aliacha kukung'uta nguo yake. Alimtazama mwenzake akipapasa mti, na mti wa pili, na wa tatu. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama kwa karibu baada ya miaka mingi. Kisha akapaza sauti, neno moja, kali. Mama Skola akasimama pale pale mvua inampiga. Mama mkwe akatoka nje. Hakumshika mkono. Alishika ncha ya fimbo, akamwongoza nayo mpaka mbele, akamwingiza mlangoni, akaiachia.

Mvua ilipotulia waliongea. Kwanza mmoja swali, mwingine jibu. Kisha maneno mengi, na wakati fulani wote wawili kwa pamoja. Niliketi pembeni sielewi kitu. Jioni Pastori alipokuja, mama mkwe alimweleza, naye akanieleza mimi.

"Alimwuliza haoni tangu lini. Mwenzake akasema tangu mume wao alipokufa, giza limekuja polepole. Kule kilimani hakuna aliyejua kwa sababu miguu yake inajua kila jiwe. Hapa hajui kitu. Tangu wahamie amekuwa akikaa mlangoni kwa sababu anaogopa kutembea."

"Na mama akasema nini?"

"Akamwambia ni mjinga kunyamaza." Pastori akakuna kichwa. "Halafu anataka uende tena kwa mwenyekiti. Anataka milango miwili."

Nikasema mwenyekiti ameshakataa. Lakini usiku ule nilifikiri juu ya nyumba yetu Tanga na ile ya Ujiji na ya Bi Saada, na asubuhi nikaenda na swali moja tu. Je, maagizo yanakataza mlango wa uani?

Mwenyekiti alifikiri. "Mlango wa uani ni mlango wa uani," akasema. "Kila nyumba ya mjini inao."

"Basi nyumba yetu itakuwa na mlango mmoja wa mbele na mmoja wa uani."

"Na katikati?"

"Katikati tutaweka ukuta."

Alinitazama, akaelewa. Akakaza uso usije ukatabasamu. "Ukuta wa ndani haunihusu," akasema.

Tulikandika siku nyingi. Wanawake wa mstari mzima walikuja kwa zamu, tukakanyaga udongo kwa miguu, tukautupa kwenye fito kwa viganja, huku wakinicheka kwa jinsi ninavyotupa. Wanaume watatu walisimamisha miti ya ukuta wa kati na kufungua njia ya mlango nyuma. Mama mkwe alisimamia yote. Nilidhani, na kila mtu alidhani, kwamba mlango wa barabarani ni wake. Yeye ndiye mke mkubwa. Kwa heshima ya kwao mbele ni pake, na kwa miaka mingi hakuwa amekubali kumwachia yule mwenzake hata zamu ya kisimani.

Siku ya kuhamia alichukua mtungi wake na mkeka akapita mbele, akazunguka nyumba, akapitia kando ya lile shimo la udongo, akaingia kwa mlango wa uani.

Pastori alimfuata. "Mama, wewe mkubwa. Mbele ni kwako."

"Mbele ni tambarare," akajibu. "Nyuma pana shimo."

Hilo tu. Mchana ule ule alimtaka mwanamume mmoja akate miti mirefu myembamba, aiunganishe na kuifunga mlalo ukutani kwa nje, kimo cha kiuno, kutoka mlango wa mbele kuzunguka mpaka njia ya kisimani. Mama Skola aliishika akaenda nayo mpaka mwisho, akarudi, akaenda tena peke yake.

Kabla ya kuondoka niliuliza kwa mara ya mwisho kuhusu Tabora. Nilisema sasa nyumba haina ubishi, kila mtu ana upande wake, anaweza kwenda hata kwa miezi michache. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Aliniambia nimsalimu Bizimana, nimwambie aje mwenyewe. Kisha akainua sauti kuelekea ukutani, akauliza kitu, na kutoka upande wa pili likaja jibu fupi. Akaongeza konzi mbili za maharage chunguni.

KURUDI

Njia ya kurudi haina mengi. Selemani hakupasukiwa gurudumu, Bi Saada alinifungia viazi, na treni ilifika siku iliyopaswa kufika, jambo lililowashangaza hata wafanyakazi wake. Ubaoni mwaka huu sitachora tena ngazi. Nitachora nyumba zile jinsi nilivyoziona, kila moja na watu wake ndani.

Yusufu alinipokea stesheni, akatazama nyuma yangu mlango wa behewa, akasubiri mpaka abiria wa mwisho ashuke. Nilimwambia tutaongea nyumbani.

Nyumbani nilikuta chumba kidogo kimepakwa chokaa, na ndani kitanda kipya cha mninga alichokitengeneza mwenyewe jioni baada ya kazi, kifupi kidogo, kwa kimo cha mama yake. Nikaketi juu yake nikamweleza kila kitu, kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza amesimama. Nilipofika kwenye mlango wa mbele alinikatiza.

"Alimwachia mbele? Mama?"

"Mwenyewe, hakuambiwa na mtu."

Alitoka akaenda uani. Alirudi akiwa na kamba yake ya kupimia, akapiga goti, akapima kitanda urefu na upana.

"Unapima nini tena?" nikamwuliza. "Si umekitengeneza wewe?"

"Nataka cha pili kilingane," akasema.